Mapeasi ya Chini

Duka la simu pale Soni lilikuwa na televisheni dirishani, na tamthilia ilipokuwa ikirudiwa Jumamosi mchana, wauzaji wa sokoni waliacha meza zao wakaenda kusimama mbele yake. Beatha, amevaa sweta jekundu, ameegemeza tenga la mapeasi nyongani, alimsonya Mzee Zebedayo, yule mhusika aliyekuwa akimfukuza bintiye kwenye sherehe.

"Lizee la roho mbaya! Uongo mmoja tu, anamfukuza mwanawe?"

"Uongo ni uongo, dada," sauti ikajibu nyuma yake.

Aligeuka. Kijana mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikono imekakamaa.

"Na wewe nani? Mdogo wake?"

"Elisante. Fundi cherehani, hapo ng'ambo."

"Ndiyo maana umenyooka kama rula."

Alicheka, na kicheko chake hakikuwa kimepigwa pasi. Hapo Beatha akawa amekwisha.

Wakawa wanapigiana simu kila kipindi kikiisha.

"Umemwona mzee wako?"

"Nimemwona, kipenzi. Leo alikuwa na haki."

"Toka hapa! Ukinioa, nikizidisha chumvi si utanifukuza?"

"Chumvi nitavumilia."

Elisante ndiye aliyenadi sadaka za mazao nje ya kanisa kila Jumapili. Siku moja Beatha alipeleka tenga lake, amelipanga kama wapangavyo wauzaji wote wa Soni: mazuri juu, yaliyobondeka chini. Mkono ulishazoea, hakufikiri. Elisante alipenyeza mkono hadi chini. Uso ukambadilika.

"Washarika," alitangaza, "ya chini yamebondeka."

Watu wakacheka. Mama yake Beatha akainamisha kichwa.

Jioni simu iliita mpaka Beatha akaipokea.

"Ningefanyaje, mpenzi? Nidanganye mbele ya kanisa?"

"Ungeniita pembeni! Nenda kaoe rula."

Akakata, na hakupokea tena.

Ikaja sehemu ya tamthilia ambayo Mzee Zebedayo alimpelekea mjukuu wake zawadi. Alifika mlangoni kwa bintiye, akasikia watu wakicheka ndani. Akageuka, akaondoka na zawadi yake. Beatha alikuwa akimenya viazi, kisu kikasimama. Alimpigia Elisante mwenyewe.

"Umeona?"

"Nimeona." Sauti ilikuwa ndogo.

"Nimemwelewa mzee wako. Siyo haki inayomnyoosha vile, ni woga. Anaogopa kuchekwa, basi anawahi kuwaaibisha wenzake. Nimemwelewa, na bado namdharau."

"Na mimi?"

"Jijibu. Mlango wetu unaujua."

Jumapili Elisante alinadi tenga lake mwenyewe. Shati lilikuwa limekunjamana.

"Washarika, haya ya juu ni mapeasi. Chini yupo fundi mmoja aliyemwaibisha msichana anayetaka kumwoa, wakati angeweza kumwita pembeni. Nani anamchukua?"

Wakaangua kicheko, wazee na wanakwaya. Masikio ya Elisante yakaiva, lakini hakugeuka kuondoka. Beatha aliwaacha wacheke mpaka wakachoka.

"Nachukua," akasema. "Lakini sisi wa Soni hatununui bila kuona chini."

Akalimwaga tenga palepale majanini. Mapeasi yalikuwa mazuri hadi la mwisho. Mjinga yule alikuwa ameyafuta moja moja kwa kitambaa.