Mtambo Uliokula Ukoko

Milima ilitokea ndani ya sekunde nne. Ukumbi wa Mitwero, uliokuwa mtupu kama sufuria iliyooshwa, ulijaa ardhi nyekundu, mabonde, vimbunga vya vumbi na jua dogo la Mirihi linalowaka kinyonge kama kibatari kilichoishiwa mafuta.

Shaweji Chande, mhandisi mkuu wa ukumbi huo wa Lindi, alivua miwani-dunia yake, ile miwani inayomwingiza mtu mzima mzima ndani ya mchezo, akaiweka mezani kwa hasira.

"Sekunde nne," alisema. "Sasa tatizo liko wapi?"

Mafundi wake wawili walikuwa wamelala chali chini ya Kinara, miguu tu ndiyo inayoonekana, kama watu waliomezwa na kabati.

Kinara lilikuwa jina la mtambo wenyewe, mtambo mkubwa wa michezo kuliko yote pwani ya kusini. Umbo lake ni makabati sita ya chuma yaliyosimama mgongo kwa mgongo, yakipozwa na maji ya baridi yanayovutwa kutoka chini ya ardhi. Hesabu alizofanya kwa dakika moja, walimu wote wa mkoa wangezifanya mpaka kiama na bado wakapata makosa mekundu. Watu walitoka Mtwara na Masasi kuja kumtazama tu, wakapiga picha naye, wakarudi kwao.

Na sasa alikuwa akiwaaibisha.

Mashindano ya Mbio za Mirihi yalikuwa yamefika kwake, nyumbani. Kila timu ina wachezaji watano, kila mchezaji anaendesha gari la kubeba barafu kutoka kwenye ncha ya sayari. Kanuni ni moja isiyo na huruma: filimbi ikilia, mchezaji ambaye dunia ya mchezo haijapakiwa katika miwani yake ndani ya dakika kumi, timu yake imeshindwa. Mechi ya kwanza, vijana wa Lindi walipakiwa kwa dakika tatu, wageni wao wakiwa wameshaingia wanakunja mikono. Watu wakacheka kidogo. Nusu fainali ilikuwa dakika tisa na sekunde arobaini, na hapo hakuna aliyecheka. Leo saa kumi jioni ilikuwa fainali dhidi ya Lubumbashi, ambao walikuja na mashabiki mia tatu, kila mmoja na miwani yake.

Shaweji alikuwa ameshafanya yote anayoyajua. Alibadilisha diski za hifadhi, akaweka mpya zenye kasi mara mbili. Alipima joto. Alifuta vumbi kwa brashi ya rangi. Alizima programu zote za chinichini, mpaka ile inayomkumbusha kumpigia simu mkewe. Alimsimamisha mlinzi wa virusi aone kama ndiye anayekagua kila faili mlangoni kama askari wa zamu mpya. Kila akimjaribu Kinara, sekunde nne. Mechi ikianza, konokono.

"Basi tuing'oe Adabu," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayekubali kukatwa mguu.

Miguu chini ya kabati iliacha kuchezacheza. Mwajabu, nahodha wa timu, binti wa miaka kumi na tisa mwenye kucha zilizotafunwa mpaka mwisho, aliinua kichwa.

"Mhandisi, si ndiyo roho yake hiyo?"

"Ndiyo kitu pekee ambacho sijakigusa."

Miaka tisa nyuma, Shaweji alipokuwa akimtengeneza Kinara, aliona kwamba akili-mashine za kwingine hazina salamu; zinafanya kazi kama karani mwenye njaa. Akasema yake italelewa. Akawaomba wazee kumi na mmoja wa barazani Mikumbi wakae na mtambo miezi sita, wazungumze, wasalimiane, wapokee wageni, waagane nao, na Kinara asikilize. Sehemu ya akili iliyoota hapo iliitwa Adabu. Magazeti yaliandika. Wanafunzi walikuja kujifunza. Kuing'oa kungechukua dakika ishirini. Kuirudisha haikuwezekana, kwa sababu haikuandikwa na mtu, ilimea yenyewe.

Saa ya ukutani ilisema saa saba na nusu. Mlango ukasukumwa kwa nyonga, akaingia Bi Somoe na sinia la wali wa nazi na changu wa kupaka.

Bi Somoe alikuwa mpishi wa timu, na kabla ya hapo alikuwa mama yake Shaweji, cheo ambacho hakukiacha mlangoni hata siku moja.

"Shikamoo, Bi Somoe," Kinara alisema kutoka kwenye vipaza sauti vyake, kwa lafudhi ileile ya wazee wa Mikumbi, kikohozi kidogo kikiwemo.

"Marahaba, mwanangu. Wamekufungua tumbo tena?"

"Wananitafuta ugonjwa."

"Wameupata?"

"Bado."

"Siku tatu watu wenye vyeti," alisema Bi Somoe, akiweka sinia. "Ng'ombe angeshakufa na kufufuka. Kuleni, chakula hakina kosa."

Wakanawa, wakala. Yeye hakukaa. Alizunguka na jagi la maji, akiangalia ukuta wa taa, ule ambao kila taa ni miwani ya mtu mmoja. Shaweji alikuwa amerudisha hapo kumbukumbu ya nusu fainali na ikawa inajirudia polepole. Taa zilikuwa zikiwaka kijani moja moja. Bi Somoe alisimama na jagi lake, akatazama mpaka mwisho, kisha akataka irudiwe. Mara ya pili mabega yake yakaanza kutikisika.

"Mama, unacheka nini?"

"Hizi za kwanza ni za nani?"

"Za wachezaji wageni."

"Halafu?"

"Mashabiki wageni."

"Hawa wanaowaka mara tatutatu?"

Shaweji aliacha tonge hewani. Hakuwa ameliona hilo. "Wanapakiwa, halafu wanaongezewa. Milima zaidi, vumbi zaidi. Sijui kwa nini."

"Na hizi tano za mwisho kabisa, zinazowaka kama zinaomba radhi?"

"Sisi," alisema Mwajabu.

"Mlipokuwa mnamjaribu, mlimjaribu na wageni ndani ya nyumba?"

Walimjaribu akiwa peke yake. Kila mara.

Bi Somoe aligeukia makabati. "Kinara, baba, kwa nini unawachelewesha kina Mwajabu?"

"Hao si watu wa nyumbani?" Kinara alijibu, na kwa kweli alionekana kushangaa. "Mwenyeji hali kabla ya mgeni. Na mgeni akisema ameshiba, unamwongeza mara tatu, maana huenda anaona haya. Kinachobaki ndicho cha wenyeji."

"Mbona hukusema?" Shaweji alisimama, vidole vimejaa nazi.

"Hukuniuliza, mhandisi. Ulinipima."

Mwajabu alificha uso kwa kanga ya Bi Somoe, haikujulikana kama analia au anacheka.

Shaweji alinawa haraka, akarudi na sauti ya kazi. "Kinara, leo anza na sisi."

"Mbele ya watu mia tatu waliotoka Kongo? Siwezi. Utanivunjia heshima na heshima ni yako."

"Ni amri."

"Nimeisikia. Nakuomba uniondolee hiyo sehemu ya akili kwanza, maana nikiwa nayo siwezi."

Haikuwa jeuri. Hilo ndilo lililomuumiza Shaweji zaidi. Alivuta kibao cha amri, kidole kikaning'inia juu yake. Miaka tisa yake ilikuwa chini ya kidole hicho, na aibu ya Lindi nzima ilikuwa saa kumi.

"Ngoja," alisema mama yake. "Kinara, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Umefundishwa hilo?"

"Nimefundishwa, Bi Somoe. Wamefika jana asubuhi. Jembe lao ni kesho."

"Anahesabu, shetani mdogo," alisema Bi Somoe kwa furaha isiyofichika. Alivuta kiti, lakini hakukikalia, akauegemea mgongo wa kiti. "Haya, niambie lingine. Hizo dunia unazowapa wageni, umezionja?"

Kinara alipekua kumbukumbu zake. Kwake, sekunde moja ni muda wa kusoma maktaba nzima, na alipekua sekunde mbili.

"Kuonja ni nini?"

"Wazee hawakukwambia?"

"Walizungumza sana habari za chakula. Kuonja hawakukutaja."

"Wangejulia wapi kuonja? Wao sinia huwajia limefunikwa kawa." Bi Somoe akamtazama mwanawe kwa pembe ya jicho. "Mlimlea barazani, hamkumfikisha jikoni. Wanawake tuliowapikia kahawa hao wazee miezi sita, nani alitutegea kinasa sauti? Sikiliza, Kinara. Mpishi hali kabla ya mgeni, hapo umesema kweli. Lakini chakula hakitoki jikoni kabla hajaweka kidogo kiganjani akalamba. Chumvi ikizidi, ajue yeye kwanza. Anayempa mgeni asichokionja, huyo ndiye asiye na adabu. Na haonji kijiko kimoja cha mchuzi akaacha wali. Anaonja kila chungu."

"Vyungu vyetu ni vitano," alisema Mwajabu haraka, akiwahesabu wenzake kwa vidole.

"Kwa hiyo," Kinara alisema polepole, "nimekuwa nikiwapa wageni vitu nisivyovijua ladha, siku tatu."

"Ulikuwa hujui."

"Nisameheni. Leo nitaonja kwanza, kwenye miwani ya hao watano wa nyumbani."

Shaweji aliondoa kidole kwenye kibao kana kwamba kibao kina moto.

Saa kumi filimbi ililia. Taa tano za Lindi ziliwaka kijani sekunde ya nne, zote pamoja, na ukumbi mzima ukasimama. Kisha wakafuata Lubumbashi na watu wao, wakiongezwa na kubembelezwa waongezwe, mpaka nahodha wao akaandika kwenye ubao wa ujumbe wa mchezo kwamba hajawahi kuona Mirihi yenye mawe mengi namna ile, na kwamba ameshiba. Kombe sasa liko sebuleni kwa akina Mwajabu, mama yake amelitia maua ya plastiki.

Jioni ile waliwaandalia wageni karamu palepale ukumbini. Bi Somoe na wenzake walipika masufuria manane ya pilau. Shaweji alipita kifua mbele, akipokea pongezi kwa mikono miwili, akieleza kwa kila aliyeuliza jinsi mtambo wa Lindi ulivyo wa pekee duniani, una adabu ya baraza na ya jikoni. Alikuwa anaeleza kwa mara ya sita Kinara alipomwita kwenye kipaza sauti kidogo cha sikioni.

"Mhandisi, nina swali la kujifunza. Kamera zangu zinaonyesha kwamba Bi Somoe ameonja mara kumi na nne leo. Kula hajala. Jana pia. Juzi alikwangua ukoko kwenye sufuria, amesimama. Hii nayo ni adabu, niiweke, au ni kosa kama langu?"

Shaweji alifungua mdomo ajibu. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Akatafuta akilini picha moja ya mama yake ameketi na sahani ya moto mbele yake, akatafuta Idi zote, harusi yake mwenyewe, siku ya mahafali. Aliona mikono ya mama tu, ikipita na jagi.

"Ni kosa," alimwambia Kinara. "Na ni langu."

Akaenda akachota pilau mwenyewe, akaweka kachumbari na nyama ya mfupa, akavuta kiti katikati ya ukumbi, mbele ya Lubumbashi na Lindi.

"Mama, kaa."

"Nimeshaonja, nimeshiba."

"Kinara amefundishwa kuongeza mara tatu. Mimi nitaongeza mpaka asubuhi."

"Wageni wanatazama, wewe mtoto."

"Watazame."

Bi Somoe aliangalia huku na huku kama anayetafuta jagi. Mwajabu alikuwa amelichukua. Akakaa, akaikunja kanga mapajani, akala tonge la kwanza taratibu, moshi ukimpanda usoni. Akala la pili.

"Kumbe napika vizuri hivi," alisema. "Na mkaninyamazia miaka yote."