Wiki Moja Karibu na Winifred

Marvella Stitt alikuwa na miaka sabini na mbili. Aliishi peke yake Zanesville, Ohio. Mumewe, Orrin, alikuwa amefariki mwaka wa pili sasa.

Kila asubuhi Marvella alikwenda dukani kununua kitu kimoja. Leo maziwa, kesho vitunguu. Angeweza kununua vyote kwa siku moja. Lakini msichana anayepokea pesa pale dukani humwambia, "Siku njema, mama." Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee aliyoambiwa mpaka jua likazama.

Jumapili ilikuwa siku tofauti. Siku hiyo dada yake, Winifred, alimpigia simu kutoka pwani ya Oregon, upande wa pili wa nchi.

"Umekula nini?" Winifred aliuliza Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa kumi.

"Supu."

"Ya kopo?"

"Ya kopo."

"Na ulikuwa ukijisifu kwa mapishi, wewe!"

Wakacheka. Kisha Winifred akashusha sauti.

"Vella, daktari anasema macho yangu hayatapona. Mwakani huenda nisione sura ya mtu. Njoo nikuone."

"Nitalala wapi, dada?"

Winifred aliishi katika makao ya wazee. Alikuwa na chumba kimoja, na wageni hawakuruhusiwa kulala. Hoteli ya wiki nzima, Marvella asingeiweza kwa pensheni yake.

Usiku ule alikumbuka pointi za Orrin. Miaka mingi nyuma walijiunga na klabu ya nyumba za likizo katika milima ya Tennessee. Kila mwaka klabu iliwapa pointi. Kwa pointi hizo walikaa wiki moja katika nyumba ya klabu. Orrin alizoea kusema, "Pointi hizi zinaweza kutufikisha hata baharini. Ipo kampuni ya kubadilishana nyumba na watu wa klabu nyingine." Lakini kila mwaka walirudi milimani palepale, na shughuli zote alizifanya Orrin.

Marvella alipekua droo, akapata kadi ya kampuni ile ya kubadilishana. Asubuhi akapiga simu. Akataja jina lake.

"Sioni kitu hapa, mama," kijana wa kwenye simu alijibu. "Huna chochote kwetu."

Marvella akakata simu. Je, Orrin alitapeliwa? Au aliuza pointi bila kumwambia? Alitaka kumuuliza, na wa kumuuliza hayupo.

Jumapili simu ililia. Hakuipokea. Angemwambia nini Winifred? Jumapili ya pili ikalia tena. Aliitazama mpaka ikanyamaza.

Siku iliyofuata mlango uligongwa. Alikuwa Rochelle Gaither, jirani wa nyumba ya tatu. Zamani Rochelle alifanya kazi katika ofisi ya klabu nyingine ya likizo, akihudumia wenye pointi.

"Bi Marvella! Dada yako amenipigia simu. Anauliza kama umekufa."

"Bado."

"Basi nifungulie, baridi itaniua mimi."

Rochelle aliingia na sufuria ya maharage. Marvella akamweleza yote. Alimaliza kwa maneno ya kijana yule wa kwenye simu.

"Ngoja kwanza," Rochelle alisema. "Ulipiga klabu, au ulipiga kampuni ya kubadilishana?"

"Si ni kitu kimoja?"

"Hapana. Ni kampuni mbili. Wewe ni mtoto wa mkulima, sivyo?"

"Mkulima wa mahindi."

"Haya. Klabu ni ghala lako. Kampuni ya kubadilishana ni soko. Mahindi yakiwa ghalani, watu wa sokoni watajuaje kwamba unayo? Ni lazima uyapeleke. Ukiyafikisha, wanakuandikia. Hapo ndipo unaweza kuchukua ulichokitaka kati ya vitu vilivyoletwa na wengine."

Marvella alimtazama. "Kwa hiyo Orrin hakutapeliwa?"

"Orrin hakupeleka mahindi sokoni, basi."

Marvella alilia. Rochelle alimwacha alie. Akaenda kupasha maharage moto.

Mchana huo walipiga simu klabu pamoja. Habari haikuwa nzuri yote. Pointi za mwaka uliopita zilikuwa zimekwisha muda na kupotea. Za mwaka huu zilikuwepo, lakini siku ya mwisho ya kuzipeleka kwa kampuni ya kubadilishana ilikuwa mwisho wa mwezi wa kumi. Zilibaki siku tisa. Tena klabu ilitaka cheti cha kifo cha Orrin, ili akaunti ibaki kwa jina la Marvella peke yake.

"Bado una cheti?" Rochelle aliuliza.

"Kimo kwenye Biblia."

Walikituma siku ileile. Siku ya sita klabu ilikata pointi zake, na kampuni ya kubadilishana ikamwandikia wiki moja.

"Sasa tuombe," Rochelle alisema. "Unataka lini?"

"Mwezi wa saba. Nyumba inayotazama bahari."

"Wewe na Marekani yote! Wiki za joto zinagombewa. Unataka bahari, au unamtaka Winifred?"

"Winifred."

"Basi sema mwezi wa pili mpaka wa nne, wiki yoyote, chumba kimoja au viwili, mji wowote ulio karibu naye. Ukiacha mlango wazi, kitu kitaingia. Na usinunue tiketi ya ndege mpaka wakuthibitishie."

Walieleza ombi lao. Kisha ukaja muda wa kusubiri.

Theluji ilianguka. Novemba haikuleta jibu. Krismasi Marvella alikula kuku nusu, nusu akaiweka kwenye friji. Jumapili Winifred aliuliza, "Vipi?" Naye akajibu, "Bado, dada." Winifred alisema sasa haoni tena namba za simu. Muuguzi humbonyezea.

Januari tarehe kumi na saba ujumbe ulifika. Nyumba ya vyumba viwili, wiki ya pili ya Machi, dakika ishirini kutoka kwa Winifred.

Marvella alitaka kukubali papo hapo. Rochelle akamshika mkono. "Soma kwanza. Kuna ada ya kubadilishana, mbali na ada yako ya klabu. Ukikubali, kughairi ni kazi. Tazama na idadi ya watu wanaoruhusiwa kulala."

"Wanne."

"Basi mlete dada yako alale kwako."

Machi Marvella alipanda ndege peke yake kwa mara ya kwanza maishani. Winifred alimngoja mlangoni pa makao, na begi lake miguuni. Hakumtazama usoni. Aligeuza uso kando, kwa sababu katikati ya macho yake palikuwa na giza, na pembeni ndipo palipobaki mwanga kidogo.

"Hapo hapo," alisema. "Usisogee. Nimekupata."

Akamtazama hivyo, kwa pembeni, muda mrefu.

"Umezeeka, Vella."

"Na wewe kipofu bado una mdomo."

Walikaa siku saba. Mvua ilinyesha siku tano. Walipika, waligombana kuhusu chumvi, wakalala na milango ya vyumba wazi ili waongee. Siku ya nane Marvella alirudi Zanesville. Nyumba ilikuwa kimya kama alivyoiacha. Kabla hajafungua sanduku, alipiga simu klabu.

"Nataka kupeleka pointi zangu za mwaka huu kwenye kampuni ya kubadilishana," alisema. "Sasa hivi. Sisubiri mwezi wa kumi."

Machi iliyofuata Winifred hakuona tena sura ya mtu. Alikaa kwenye benchi mlangoni, uso wake ukielekea barabarani. Teksi ilisimama. Mtu akashuka, akaanza kutembea kwenye changarawe bila kusema neno.

"Vella," Winifred alisema, akasogea kumpa nafasi.