Aliyeuliza Siku ya Ndoa Yake

Mlio na mabinti, someni taratibu. Mlio mabinti, someni mara mbili.

Zilibaki siku mbili kufika Idi, mwaka wa sitini na sita, na Biashara Street haikuwa na pa kutia mguu. Mwanaesha, binti wa Jamaldin fundi saa wa mtaa wa Kuze, alikuwa amebanwa katikati ya mabibi wawili wanene, buibui limemwangukia mabegani, akivuta pindo la kanga nyekundu. Pindo la pili lilikuwa mkononi mwa kijana mrefu wa kanzu nyeupe na miwani, aliyeyasoma maandishi kwa sauti kama karani wa korti.

"'Apendaye haulizi.' Hebu niambie, bibie, kwa nini asiulize?"

"Mimi nataka kanga, sitaki mtihani. Achilia!"

"Asiyeuliza atajuaje kama apendwa?"

"Ataona. Au miwani hiyo ni ya urembo?"

Mabibi wakaangua kicheko. Kijana naye akacheka, akaiachilia kanga, na macho yake hayakuiachilia sura ya Mwanaesha mpaka alipopotea kwenye umati.

Jina lake Abdulhalim. Alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na shahada ya falsafa, na kwa kuwa Mombasa nzima hapakuwa na aliyetaka kumwajiri mtu wa falsafa, alikuwa karani wa ghala huko Shimanzi, akiandika magunia ya kahawa. Haukupita mwezi alishaijua namba ya simu ya Bi Mwanakhamis, jirani ya kina Mwanaesha, mjane mwenye simu na masikio.

"Hujambo, mpenzi wangu wa magunia?"

"Sijambo, nuru yangu. Leo nimeandika mia nne, na hakuna hata moja lililoniuliza hali."

"Baba auliza hiyo falsafa yafaa nini. Asema saa ikiharibika yeye huitengeneza. Wewe watengeneza nini?"

"Mwambie sitengenezi. Nauliza tu kama yale tunayoyashika kila siku ni ya kweli."

"Nikimwambia hivyo, hutanioa."

"Basi mwambie nitajifunza saa!"

Mwanaesha akacheka hata Bi Mwanakhamis akakohoa chumbani. Na posa ilipopelekwa, Mzee Jamaldin aliipokea. Alisema kijana ana adabu na ukoo wake wajulikana. Hayo mengine ya vitabu yatamtoka akipata watoto.

Zimebaki wiki mbili kuoana, Mwanaesha akamwambia habari ya dada yake Sheikha. Laiti angeufunga mdomo wake. Au sijui.

Mnajua ada yetu. Bwana arusi hukaa msikitini, na baba huja na mashahidi wawili hadi kwenye pazia la mwali kumuuliza kama ameridhia. Mwali hasemi. Akinyamaza, ndiyo ridhaa yake, kwani haya ndiyo pambo la mwanamwali. Sheikha naye alinyamaza hivyo hivyo, miaka mitatu nyuma. Wakapiga vigelegele. Mume yule hakumpenda wala hakumheshimu, na baada ya mwaka mmoja akamrudisha na sanduku moja.

"Aliniambia mimi peke yangu," Mwanaesha alisema kwenye simu. "Asema hakuwa ameridhia. Koo lilimkauka tu, Abdulhalim. Alitaka kusema hapana, likakauka."

Upande wa pili kalamu iliwekwa chini.

"Kwa hivyo watu wawili hunyamaza sawasawa," alisema Abdulhalim, "na mmoja ataka, mmoja hataki. Nani awezaye kuwatofautisha?"

"Usianze, roho yangu. Mimi nakutaka. Wajua."

"Najua," alisema. Lakini alikuwa ameshaanza.

Siku ya ndoa Mwanaesha aliketi nyuma ya pazia, hina imemkolea hadi viwikoni, asumini nyweleni. Baba akaja na mashahidi, akauliza mara tatu. Mwanaesha aliinamisha kichwa akanyamaza, na moyo wake ulikuwa ukipiga ndiyo, ndiyo, ndiyo. Wanaume wakarudi msikitini. Wanawake wakangoja habari wapige vigelegele.

Habari iliyokuja ilikuwa nyingine. Shahidi aliposema, "Amenyamaza, ameridhia," Abdulhalim aliinua kichwa mbele ya umati wote akasema, "Niwieni radhi, wazee wangu. Nataka asikike akitamka."

Alisema kwa mapenzi. Mimi nayaamini hayo. Lakini msikiti mzima ulielewa mengine: kwamba ameona dosari kwa binti wa watu, au kwamba amtaka mkewe apaze sauti mbele ya wanaume kama mnadi. Mzee Jamaldin akainuka, akavaa viatu vyake. Biriani ya watu mia mbili ikagawiwa majirani, na waliokula ndio waliosengenya.

Siku ya tatu wazee walikaa kikao. Jamaldin alikubali kuyamaliza, ila kwa sharti moja: kijana aje nyumbani, na mbele ya mashahidi wale wale aseme kwamba swali lake lilikuwa upuuzi. Akishasema, ndoa ifungwe papo hapo.

Mwanaesha alikimbilia simu hata viatu hakuvaa.

"Sema, mpenzi wangu. Ni neno moja tu."

"Nitaomba radhi kwa aibu niliyowatia, nitapiga magoti nikitakiwa. Lakini swali si upuuzi, Mwanaesha. Wewe mwenyewe wajua si upuuzi."

"Najua nini mimi? Najua nimekaa na hina na hakuna aliyekuja! Watu wanicheka mpaka kisimani. Wapenda swali lako kuliko mimi?"

"La, wallahi."

"Basi sema."

Akapumua. "Nitasema."

Alikuja Ijumaa baada ya sala, kanzu imepigwa pasi, uso umemsawijika. Wanaume waliketi sebuleni. Nyuma ya pazia alikaa Mwanaesha, na Sheikha ubavuni pake amemshika mkono. Abdulhalim aliomba radhi vizuri, hata wazee wakaitikia. Kisha akakwama.

"Maliza, mwanangu," alisema Mzee Jamaldin, na hakusema kwa ukali.

"Na swali lile nililouliza," alisema Abdulhalim, "lilikuwa upuuzi."

Mwanaesha alishusha pumzi. Furaha ilimjia kama maji. Ndipo akahisi mkono wa Sheikha unatoka mkononi mwake. Akageuka. Sheikha hakuwa akilia. Alikuwa akitabasamu kama mtu aliyekanyagwa na mgeni wa heshima.

"Alikuwa mmoja tu aliyeuliza," Sheikha alinong'ona. "Si kitu. Olewa, mdogo wangu."

Baba alikuja kwenye pazia na mashahidi, akauliza: "Mwanaesha, umeridhia nikuoze Abdulhalim?" Mara ya kwanza. Mara ya pili. Angenyamaza tu, angekuwa mke wa mtu aliyempenda kuliko macho yake. Mara ya tatu alifungua mdomo, na sauti iliyotoka haikuwa na haya yoyote.

"Siridhii, baba."

Simu ililia kwa Bi Mwanakhamis kesho yake saa nne ya asubuhi.

"Nilisema ulivyotaka niseme," alisema Abdulhalim.

"Najua. Kosa ni langu, si lako. Mimi ndiye niliyekuomba uikanushe kweli, ukaikanusha, na dada yangu amekaa hapo asikia. Kila nikikutazama nitakumbuka kuwa nilikununua kwa uchungu wake."

"Basi ilinifaa nini falsafa? Kuiacha nimeshindwa, kuishika nimeshindwa."

"Sijui. Mimi nilitolewa shule darasa la sita." Aliufuta uso kwa pindo la leso. "Lakini asubuhi hii Sheikha amemwendea baba kwenye meza yake ya saa, akamwambia, 'Mimi sikuridhia.' Miaka mitatu, leo ndiyo asema."

"Mzee akasemaje?"

"Aliitoa miwani yake ya kazi. Akamwambia, 'Kaa, mwanangu.' Mpaka sasa wamekaa."

Nyuma ya Abdulhalim lori lilikuwa likirudi rivasi, na watu wakimwita karani, karani, magunia yangoja. Mwanaesha alimsikia akilia, akamwachia alie. Alingoja mpaka alipotulia, kisha akamwambia kwaheri, tena kwa sauti, ili asije akabaki na shaka.