Onyo Lisimame Peke Yake

Kahonzi wa kijiji cha Tezo alijifunza kusoma ukubwani, na hakupenda mtu amuulize mara mbili kama anajua. Kila asubuhi yeye na wenzake wa kikundi walimenya muhogo, kisha wakauparuza kwa mashine ya umeme. Maelezo ya mashine waliyasoma kwenye simu. Aliyeyaandika ni binti yake, Pola.

Siku moja muhogo ulikwama. Kahonzi akafungua simu, akasoma, akatia mkono. Mashine ikanguruma tena ghafla, meno yake yakamchana vidole.

Jioni alikuja Salman, mwenyekiti wa kikundi. Alimpa pole, kisha akasema, "Mama Pola, onyo liliandikwa. Kuanzia kesho mashine watashika wanaojua kusoma vizuri. Wewe utamenya tu."

"Kusoma najua," Kahonzi akasema. "Na mashine nitaishika."

"Lakini onyo lipo!"

"Nionyeshe."

Salman akatoa simu. Akapandisha ukurasa, akaushusha, akaupandisha tena. Mwishowe akaliona, katikati ya aya ndefu.

"Wewe umelitafuta umekaa kitako," Kahonzi akamwambia. "Mimi nilikuwa na mashine mbele yangu. Sikubali kuitwa mjinga."

Salman akaaga. Pola alikuwa mlangoni, machozi yakimlenga. "Mama, nililitia alama ya herufi nzito. Nilidhani litaonekana."

"Usilie. Twende kwa Zipporah tujue limejifichaje."

Zipporah, jirani yao, huandika miongozo ya mitambo kwa kampuni moja mjini Kilifi. Aliwakaribisha, akafungua kompyuta.

"Kila kitu kwenye ukurasa hutiwa alama ya kuieleza simu ikionyeshe vipi," alieleza, "nazo ziko aina mbili. Kuna za bloku: kichwa, aya, orodha, onyo. Bloku huanza mstari wake yenyewe na kuchukua upana wote. Halafu kuna za ndani ya mstari: neno la herufi nzito, jina la kitufe. Hizo huenda pamoja na sentensi. Hazivunji mstari."

"Sasa huyu alikosea wapi?" Kahonzi akauliza.

"Onyo amelipa alama ya ndani ya mstari, likamezwa na aya. Jina la kitufe nalo akalipa bloku. Tazama. 'Bonyeza' iko juu, 'KIJANI' iko chini peke yake, 'ili kuwasha' iko chini zaidi. Sentensi moja, vipande vitatu."

"Nitazitofautishaje, dada?" Pola akauliza.

"Jiulize: kitu hiki kinasimama chenyewe, au ni sehemu ya sentensi? Onyo linasimama, basi ni bloku. Jina la kitufe linaitegemea sentensi, basi liache ndani ya mstari. Tena, aya yaweza kubeba neno la herufi nzito ndani yake. Lakini usichukue alama ya ndani ya mstari ukaifungia aya nzima ndani yake."

Pola akarekebisha palepale. Kahonzi akaivuta kompyuta kwake, akasoma kwa sauti:

"HATARI! Zima umeme kabla ya kutoa muhogo uliokwama."

Onyo lilikuwa peke yake, juu kabisa, mbele ya hatua zote.

Asubuhi alifika kikundini na kitambaa vidoleni. Salman alikuwa amesimama kando ya mashine.

"Mama Pola, tulikubaliana..."

"Ulikubaliana na nani? Nipishe."

Wanawake wakaacha kumenya, wakatazama. Salman akapisha. Kahonzi akawasha, wakaparuza beseni baada ya beseni, hadi muhogo ukakwama. Mkono wake haukwenda kwenye meno. Akatupia jicho simu, akaliona onyo mara moja, akazima umeme. Alingoja hadi meno yaliposimama kabisa, ndipo akautoa muhogo.

"Likikaa hivi, hata mimi ningeliona," Salman akasema polepole. "Nisamehe, mama."

Kahonzi alimsamehe, ila mashine hakuiacha. Pola aliandika upya kurasa zote za kikundi, na hakuna ukurasa unaotolewa kabla mama yake hajausoma. Tangu hapo hakuna mtu mwingine aliyeumia mkono. Onyo likijibanza ndani ya aya, Kahonzi huurudisha ukurasa.

"Hili litoe nje," humwambia binti yake. "Watu wana mikono ya kulinda."