Selotepu Niliyosahau Kubandika

Wapenda kubisha watabisha, nami sitawagombeza. Haya yangesimuliwa na mtu mwingine, ningemwambia akapumzike, jua limempiga. Lakini yalianzia dukani kwetu, mchana kweupe, na kosa lililoyaleta ni langu. Kwa hiyo nayasimulia bila kujipamba.

Duka letu ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa kabati. Mbele nakaa mimi na mashine ya fotokopi. Nyuma anakaa kaka yangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mfufuaji. Jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kompyuta kuukuu ambayo mafundi wengine wameikatia tamaa, yeye anaipangusa vumbi, anauondoa ule mfumo mkubwa unaoilemea, anaiwekea Linux nyepesi, ile ndogo inayoweza kukimbia hata kwenye mashine iliyotengenezwa kabla sijazaliwa. Kisha anapekua kreti lake la mabaki, humo mna RAM alizochomoa kwenye kompyuta zilizokufa kabisa, anachagua moja na kuipachika ili kumbukumbu iongezeke. Baada ya hapo mzee anatembea. "Hakuna kompyuta kizee," hupenda kusema, "kuna fundi mvivu." Nami humjibu kwamba siku atakayofufua feni ya dukani ndiyo nitaanza kumwamini.

Ana sheria moja. Kama mwenye kompyuta ana vitu vyake ndani, picha au barua, juu ya kasha tunabandika selotepu nyekundu. Akiiona, anavinakili vitu hivyo pembeni kabla ya kugusa chochote. Asipoiona, anafuta diski yote na kuanza upya, wala haulizi. Anayepokea mashine ndiye anayebandika, na anayepokea ni mimi.

Jumanne moja asubuhi akaja mpishi wa shule ya jirani, mama wa maneno machache, mikono imejaa makovu ya mvuke. Alikuwa amebeba kasha la kompyuta kichwani, amelifunga kwa shuka. Binti yake alikuwa amefariki miezi minne nyuma, baada ya kulala kitandani miaka miwili kwa ugonjwa wa uti wa mgongo. Katika miaka hiyo alikuwa akiandika kwenye kompyuta ile karibu kila siku, mpaka ikagoma kuwaka.

"Mimi kusoma sijui, mwanangu," aliniambia, mkono ungali juu ya kasha. "Mwenyewe aliniambia, siku ukipata nguvu, tafuta mtu akusomee. Sasa nguvu ninazo."

"Usijali, mama. Vitatoka vyote."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu huu. Nyuma yake kulikuwa na foleni ya wanafunzi wenye fomu, na mashine ikachagua saa ile ile kumeza karatasi. Nililiweka kasha kwenye meza ya kaka, ambaye alikuwa ametoka kidogo, nikarudi kupambana na mashine hadi wino ukanifika viwikoni. Selotepu ilikuwa kwenye droo. Nikajiambia nitabandika nikishanawa.

Nilinawa. Nikahudumia foleni. Nikala. Nilipokuja kukumbuka, nilisikia mluzi nyuma ya kabati, na kaka yangu hapigi mluzi ila kompyuta ikiwaka.

"Na hii imefufuka," akasema. "Nimeipachika RAM moja ya kwenye kreti. Diski ilikuwa inakwaruza, nimeijaza sifuri mwanzo hadi mwisho nione kama ina sehemu mbovu. Iko safi kama sahani."

Nilisimama pale na selotepu mkononi. Akaitazama, akalitazama kasha, mluzi ukakatika.

Siku tatu alizimaliza akitafuta. Alijaribu kila programu anayoijua ya kuokoa vilivyofutwa. Lakini diski iliyojazwa sifuri haina cha kuokolewa, na maji yakimwagika hayazoleki. Ijumaa mpishi akapita kuuliza, na mimi, Mungu anisamehe, nikamwambia diski iliharibika yenyewe, bado tunajaribu.

"Jaribuni," akasema. "Sina haraka. Nimezoea kungoja."

Usiku ule sikula. Nilimchukia kaka kwa sheria yake, nikajichukia mimi zaidi, na asubuhi nikafungua duka kama kawaida.

Jumatatu saa tisa alasiri kaka aliniita kwa kunong'ona. Huyu ni mtu ambaye hata msibani anaambiwa apunguze sauti. Nilikwenda nyuma. Kompyuta ya mpishi ilikuwa imewaka, ukurasa mtupu wa kuandikia umefunguliwa. Mikono ya kaka ilikuwa mapajani.

Herufi zilikuwa zinatokea. Moja. Inatulia. Nyingine.

*mama funga dirisha*

"Kitufe kimenasa," nikanong'ona.

Kaka alichomoa waya wa kibodi. Akauinua nione.

*baridi*

Alizima umeme ukutani.

Siku ya pili aliitoa diski kabisa, akaifungia kabatini. Ile Linux yake ni ndogo kiasi kwamba inaweza kuwaka kutoka kwenye flashi na kukaa yote ndani ya kumbukumbu, bila diski. Akaiwasha hivyo. Akafungua ukurasa. Tukakaa. Nje watu walikuwa wanapita na maisha yao, mmoja anacheka kwenye simu.

Saa tisa ikafika.

*mama nigeuze*

Kimya.

*hapa peupe*

Kimya kirefu zaidi.

*mama yuko wapi*

Nililia pale pale, sikujificha. Nilijua ni nani. Mgonjwa wa miaka miwili, anayegeuzwa ubavu huu na huu na mama yake, nasi tumekwenda kumfutia hata mahali alipokuwa amejiegemeza. 

"Tumrudishie mama yake," nikasema.

"Tumwambie tulichofanya?"

"Nitamwambia nilichofanya."

Alhamisi tulilipeleka kasha nyumbani kwa mpishi. Chumba cha binti kilikuwa kimefagiliwa, kitanda kimetandikwa shuka jeupe, meza ndogo ubavuni na kioo cha kompyuta juu yake kikingoja. Kaka aliunganisha nyaya, zote isipokuwa ya kibodi, akaiwasha kwa ile flashi na kufungua ukurasa mtupu. Mimi nilibaki nimesimama mbele ya mama yule nikamwambia yote: selotepu, foleni, wino, na ule uongo wa Ijumaa.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Yote?" akauliza.

"Yote, mama."

"Hata barua moja?"

"Hata moja."

Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Alinyoosha shuka kwa kiganja, akalinyoosha tena mahali pale pale. "Miaka miwili," akasema.

Kaka, ambaye alikuwa akitazama saa, alinigusa. "Mama," akasema polepole, "kuna jambo jingine. Hatulielewi. Tumeona tusikufiche."

Saa tisa.

*mama*

"Imeandika nini?" mpishi akanong'ona.

"Imeandika 'mama'."

Aliinuka. Alikisogelea kioo mpaka pumzi yake ikatua juu yake. "Soma tena."

"Mama." Kisha zikaja nyingine, nami nikazisoma kadiri zilivyokuja. "'Mama nipo peke yangu.' 'Mama baridi.'"

Nilidhani ataanguka. Kaka alimsogelea ili amdake. Lakini mpishi alikuwa anatikisa kichwa.

"Huyu si wangu," akasema.



"Wangu nilimzaa nina miaka kumi na tano. Mama yangu ndiye aliyemlea. Mimi aliniita dada, toka anaanza kusema mpaka siku ninamfumba macho. Hata homa ikimpanda, dada. Neno mama sijawahi kulisikia kwake." "Na baridi hakuiogopa. Dirisha alitaka liwe wazi."

Kaka alikuwa amegeuka rangi. Alikuwa halitazami kasha lote. Alitazama ubavu wake, pale alipopachika ile RAM.

"Niliitoa kwenye kreti," akaninong'oneza. "Kreti lina kompyuta zaidi ya mia mbili. Sijui ilikuwa ya nani. Sijui ya mwaka gani." Akajipangusa uso. "Na RAM ikikosa umeme inasahau kila kitu. Kila kitu. Haiwezekani."

Alichukua bisibisi. Alishalegeza skrubu ya kwanza mpishi alipomshika mkono.

"Acha."

"Mama, hiki si kitu cha kubaki nacho ndani."

"Wangu hakubakiwa na neno hata moja," akasema mpishi. Hakusema kwa kunilaumu. Ndiyo maana lilinichoma. "Huyu maneno anayo, mtu hana."

Aliinama kwenye kioo, akaongea kwa sauti ya chini, sauti ya mtu anayeingia chumba chenye mgonjwa.

"Nipo, mwanangu."

Herufi zilisimama. Tulingoja. Niliisikia saa ya mkononi ya kaka. Mwisho likatokea neno moja, polepole kuliko yote yaliyotangulia.

*umechelewa*

Nilisoma. Sikutaka, lakini nilisoma.

"Najua," mpishi akasema, machozi yakidondoka kwenye kibodi ambayo haikuunganishwa na chochote. "Najua, mwanangu. Nisamehe."

Tuliliacha kasha pale. Tangu siku hiyo, saa tisa kasoro nafunga fotokopi na kwenda kumsomea. Hakuniomba. Ni mimi niliyeona kwamba hilo ndilo deni langu. Maneno yalikuwa machache, ya mtu anayeumwa: maji, mto, nigeuze. Mpishi alijibu kila moja. Alimwambia chakula alichopika shuleni, watoto gani wamegombania ukoko, mvua imenyesha au haikunyesha. Kuna siku nilimsikia akicheka. Nikirudi dukani namkuta kaka anapanga yale mabaki kwenye kreti, moja moja, bila kutupa hata moja. Kazi ya kufufua aliacha mwezi ule. Siku hizi anatengeneza simu.

Ikapita wiki ya sita. Nilifika kama kawaida, mpishi akanifungulia. Mlango wa chumba alikuwa ameutia kufuli toka asubuhi alipokwenda kazini, akaufungua mbele yangu, ufunguo ukiwa mnyororoni shingoni mwake.

Shuka lilikuwa limebonyea.

Binti yake alikuwa mrefu. Mpishi alishaniambia kwamba ilibidi waweke stuli mwisho wa kitanda ili miguu yake ipate pa kukaa. Bonde lile lilianzia kwenye mto na kuishia katikati. Lilikuwa la mtoto wa miaka sita, labda saba. Nilipitisha kiganja juu yake bila kugusa. Palikuwa na joto.

Nikageuka kwenye kioo. Ukurasa ulikuwa mtupu. Tulikaa mpaka saa kumi na moja, haikuja herufi hata moja, wala haijaja tena hadi leo. Kaka alikwenda kuchunguza, akasema kompyuta ni nzima, haina kitu.

Mpishi hajaniuliza tena habari za barua za binti yake. Wala hataki niache kuja. Lakini siku hizi nikifika mlangoni anaweka kidole mdomoni, ananiashiria nivue viatu, na tunaingia kwa ncha za vidole. Tunakaa sakafuni kando ya kitanda, mimi na yeye, hatusemi neno. Kuna wakati ananyoosha mkono, anavuta juu kidogo blanketi aliloliongeza juu ya shuka, na blanketi halilali tambarare.