Ziada na Ng'ombe Mweupe

Waliohudhuria kikao cha ujirani mwema, kitongoji cha Kichangani, siku ya Alhamisi, saa tisa alasiri: Bi Hildegarda, mwenyekiti wa kitongoji. Mwalimu Thadeo, katibu. Mzee Kibwana, mkulima, na mkewe. Mzee Kisio, mfugaji, na mkewe Namayiana. Wakulima wengine kumi na wanane. Wafugaji wengine kumi na wanne. Wawakilishi wa wanafunzi wa Darasa la Sita: Ziada binti Kibwana na Namelok binti Kisio. Hakuna aliyetoa udhuru.

Ziada ndiye aliyeandika orodha hiyo. Mwalimu Thadeo alimpa kazi hiyo kila mwezi kwa sababu ya mwandiko wake mzuri, lakini siku hiyo kalamu iliteleza katika vidole vyenye jasho, na herufi zililala huku na huku kama mabua yaliyokanyagwa. Alipofika kwenye jina la Namelok, aliliandika mara mbili, akalikata moja.

Vikao hivyo, vilivyofanyika katika darasa la shule, vilianza baada ya mwaka ule wa ugomvi, Wasagara na Wamaasai wa Kichangani walipofikia kukatana mapanga kwa sababu ya malisho. Sharti la kwanza lilikuwa hili: dawati lisikaliwe na watu wa upande mmoja. Mkulima alikaa na mfugaji, mama na mama, kijana na kijana. Bi Hildegarda hakufungua kikao mpaka amepita kukagua kila dawati. Kwa hiyo Ziada aliketi na Namelok, bega kwa bega, kama walivyoketi darasani tangu Darasa la Tatu. Tofauti ni kwamba tangu Jumanne hawakuwa wamesemezana.

Mambo yalianza Jumatatu. Baada ya vipindi, Ziada alipanda dunguni, kile kichanja kirefu cha miti ambacho watoto wa wakulima hukaa juu yake kufukuza nyani na ndege. Baba yake alikuwa amemwonya asishuke mpaka atakapokuja kumpokea. Lakini binamu yake, Consolata, alipita na wenzake wakielekea mtoni.

"Ziada! Shuka tucheze rede, tumepungukiwa na mmoja!"

"Baba atanichapa."

"Kwani mahindi yana miguu? Utayakuta hapo hapo. Mara moja tu!"

Mara moja ikawa mara tano. Ziada aliporudi, jua limekwisha kuinama, alikuta karibu nusu ya shamba imelala chini. Mahindi yaliyokuwa yameanza kubeba yalikuwa yametafunwa na kukanyagwa, na udongo ulijaa alama za kwato. Kabla hajapata kuvuta pumzi, alimwona baba yake akija mbio.

"Nani amefanya haya? Wewe si ulikuwa juu? Umeona nini?"

"Ng'ombe, Baba," Ziada alijibu.

"Ng'ombe wa nani?"

Hapo angeweza kunyamaza. Lakini hofu ilimsukuma, na ng'ombe mmoja tu ndiye aliyemjia akilini. "Wa Mzee Kisio. Yule mweupe, mwenye pembe moja iliyoinama, ndiye aliyetangulia."

Ng'ombe huyo aliitwa Naibor. Ziada alimfahamu kwa sababu alikuwa amekwisha kunywa maziwa yake, kwenye kibuyu cha Mama Namayiana, siku Namelok alipomkaribisha bomani kwao.

Tangu jioni ile uongo wake ulikuwa ukitembea wenyewe. Majirani walifurika shambani kutazama, na nyayo zao zikafuta kwato zote. Jumanne vijana walionekana wakinoa mapanga ambayo hayakuwa na kazi msimu huo. Jumatano Ziada alisikia jambo lililomnyima hamu ya chakula: kwa makubaliano ya kitongoji, mfugaji ambaye mifugo yake imethibitika kula mazao huhamisha boma lake ng'ambo ya mto. Ng'ambo hakukuwa na shule. Namelok angeacha masomo.

"Kikao kimefunguliwa," alisema Bi Hildegarda. "Mzee Kibwana, sema."

Baba yake Ziada alisimama. "Mimi sina maneno mengi. Shamba langu limeliwa. Binti yangu aliona kwa macho yake. Makubaliano yafuatwe."

"Yafuatwe!" waliitikia wakulima kadhaa.

Mzee Kisio aliinuka taratibu, akaegemea fimbo yake. "Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, hamjambo. Mimi naomba kumwuliza mtoto neno moja tu. Mwanangu, ulimwona ng'ombe gani?"

Ziada alisimama. "Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nilimwona... nilimwona Naibor."

Mama Namayiana alimgeukia mumewe, akasema jambo kwa Kimaasai, kwa sauti ya chini. Wafugaji wakatazamana.

"Jumatatu jioni?" aliuliza Mzee Kisio.

"Ndiyo."

"Una hakika si ng'ombe mwingine?"

Kijana mmoja mkulima, Boniface, hakuweza kujizuia. "Jamani, ng'ombe si ng'ombe tu? Au mnataka mtoto aite majina kama mwalimu wa zamu?"

Wakulima wakacheka. Kijana wa Kimaasai aliyeketi naye, Kimaren, alimtazama kutoka juu hadi chini. "Na watoto wenu wakija shuleni, mwalimu aseme watoto ni watoto tu? Sisi ng'ombe tunawajua kama wewe unavyowajua wadogo zako. Kama unawajua."

"Unasemaje wewe?" Boniface alisimama. Kimaren naye akasimama. Madawati yakakwaruza sakafu, na wanawake wawili wakaanza kusogea mlangoni.

"Kaeni!" Bi Hildegarda aligonga meza. "Atakayesimama bila ruhusa atalala ofisi ya kata. Mzee Kisio, malizia."

Mzee Kisio alimtazama Mzee Kibwana. "Mwenyekiti, mimi siwezi kumwita mtoto wa mwenzangu mwongo mbele ya baba yake. Nimemaliza." Akaketi.

Ziada naye akaketi, akainamia daftari. Alikuwa ameshinda. Ndipo Namelok alipomnong'oneza, bila kumtazama.

"Naibor amezaa. Ndama jike."

Ziada aliendelea kuinamia daftari.

"Alianza uchungu Jumatatu mchana. Mimi na Mama tulikuwa tumemshika mpaka jua linazama. Jumanne nilitaka kukuambia uje umwone, ukanikimbia."

Namelok hakusema zaidi. Hakuinua mkono wala hakumshitaki. Alikunja tu pembe ya shuka lake, akaikunjua, akaikunja tena. Mbele, Bi Hildegarda alikuwa amekwisha kufungua kinywa: "Kama hakuna mwenye neno jingine, basi kwa mujibu wa makubaliano..."

"Mimi ninalo!"

Ziada alishtukia amesimama. Macho yote yalimgeukia. Aliyaona ya baba yake tu.

"Sikuona ng'ombe," alisema. "Sikuona chochote. Nilishuka dunguni nikaenda kucheza rede mtoni. Niliporudi shamba lilikuwa limekwisha kuliwa. Nilimtaja Naibor kwa sababu... sijui ng'ombe mwingine yeyote kwa jina."

Mama yake aliziba mdomo kwa kanga. Baba yake aliinamisha kichwa. Kisha alisimama, akamgeukia Mzee Kisio.

"Nimekutukana mbele ya watu, jirani. Nami sikukuuliza. Niliposikia ng'ombe, nilitosheka."

"Angekuwa mtoto wangu aliyeniambia, nami ningetosheka," alijibu Mzee Kisio. "Sasa twende shambani. Kitu kimekula mahindi yako, na huenda kikarudi."

Watu wote wakaenda. Mzee Kisio alizunguka ukingo wa shamba, akasimama penye mti mmoja, akaweka kiganja juu ya shina. Palikuwa na matope makavu, mazito, yaliyosuguliwa juu kuliko bega la ng'ombe yeyote. "Huyu hana mchungaji," alisema. "Ni nyati, ametoka hifadhini upande wa Mikumi. Hujigaragaza matopeni kisha hujisugua." Boniface alisogea kupima urefu kwa mkono wake, akatikisa kichwa, akamnong'oneza Kimaren jambo, nao wakacheka. Bi Hildegarda alimpigia simu afisa wanyamapori papo hapo.

Waliporudi darasani, wakakaa tena kama walivyokuwa. Mwalimu Thadeo alimwita Ziada mbele.

"Ziada, uongo wako ulikuwa wa sentensi moja," alisema kwa upole. "Ulikusudia kujiokoa na fimbo moja. Lakini watu walikuwa na hofu ya zamani, na uongo ukaota haraka kwa sababu ulipata udongo ulio tayari. Nasi watu wazima tuna kosa letu: tuliamini upesi kwa kuwa aliyetajwa si wa kwetu. Umefanya vema kusema kweli. Ungefanya vema zaidi kuisema Jumatatu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Mzee Kisio ndiye aliyekosewa," alisema Bi Hildegarda. "Aseme anachotaka."

Mzee Kisio alishauriana na mkewe kwa Kimaasai, kisha akasema shauri lake. Ziada alilisikia, akamkaribia mzee, akainamisha kichwa kama alivyomwona Namelok akiwaamkia wazee wa kwao. Kiganja kizito kilitua utosini pake, kikakaa kidogo, kikaondoka. Ndipo machozi yalipomtoka.

"Liandike," alisema Bi Hildegarda, "kisha ulisome wewe mwenyewe."

Ziada alifuta macho, akaandika. Safari hii herufi zilisimama wima. Kisha akawageukia watu waliokaa, mkulima na mfugaji katika kila dawati, akasoma kwa sauti:

"Uamuzi wa kikao. Boma la Mzee Kisio halitahama. Wakulima na wafugaji watalinda pamoja mashamba ya ukingoni, na Namelok atapanda dunguni na Ziada. Kila Jumamosi asubuhi Ziada atakwenda bomani kwa Mzee Kisio kujifunza ng'ombe wote thelathini na wanne, kila mmoja kwa jina lake, mpaka aweze kuwataja bila kukosea. Ataanza na ndama wa Naibor, ambaye bado hana jina. Ziada na Namelok watampa."