Jiko Linalojizima

Kila asubuhi, kabla watu wa nyumba ile hawajapiga mswaki, Mzee Pua alikuwa ameshafunga aproni yake. Alikuwa amestaafu, lakini mikono yake haikuwa na habari hiyo.

Miaka thelathini na mmoja alikuwa mpishi katika hoteli kubwa. Huko ndiko alikopewa jina la Pua. Alisimama mlangoni tu, akasema, "Kitunguu cha sufuria ya tatu kinaungua." Ukienda kutazama, kweli kinaungua. Wapishi wenzake walimtania kwamba pua yake ilistahili mshahara wake peke yake.

Alipostaafu alijinunulia zawadi moja, jiko la gesi la kifahari la kupachikwa mezani. Lilikuwa na plate tano za kuwashia moto na kioo cheusi kinachong'aa. Dukani alikuwa ameonyeshwa majiko mawili. La kwanza lilitaka ukandamize kitufe, uhesabu hadi tano, ndipo ukiachie. Ukikiachia mapema, moto unazimika. Mzee alicheka.

"Hili la watu wanaojifunza kuchemsha chai," alimwambia muuzaji.

La pili liliwaka papo hapo, kama majiko ya hotelini. Akalichukua hilo. Hakuuliza kwa nini lile lingine lilikuwa na ucheleweshaji ule. Mpishi mzima aulize habari za jiko?

Nyumbani alilisugua kila siku mpaka mkewe, aliyekuwa mshonaji, akaona wivu. "Mimi nami ningekuwa jiko," alisema, "ningependwa."

Lakini Mzee Pua alikuwa na siri. Miezi minane nyuma aliugua mafua makali. Homa ikaondoka, kikohozi kikaondoka, na uwezo wa kunusa ukaondoka navyo. Alisubiri urudi. Kila asubuhi aliponda kitunguu saumu, akakileta puani. Hakusikia kitu. Alinusa sabuni, hakusikia kitu. Siku moja alinusa nywele za mjukuu wake, zilizotoka kuoshwa, akaona ni kama amenusa ukuta. Aliingia bafuni, akafungulia maji ili asisikike, akalia.

Amwambie nani? Mpishi anayeitwa Pua, hana pua! Watu wangecheka mpaka mbavu ziwaume. Basi akajitia hamnazo. Aliinama juu ya sufuria, akavuta pumzi, akatikisa kichwa kama zamani. "Tangawizi imekolea," alisema siku moja. Siku hiyo alikuwa amepika mkewe, naye alikuwa amesahau kutia tangawizi. Mkewe alimtazama, akanyamaza.

Ikafika Jumanne moja, mchana. Binti yao, karani wa hospitali, alikuwa kazini. Mkewe alikuwa ametoka kununua uzi. Mzee alibaki jikoni na mjukuu wake, msichana wa miaka minne, aliyekaa sakafuni akichora. Redio ilikuwa inapiga domo kwa sauti kubwa.

Mzee aliweka maziwa kwenye moto mdogo, akageuka kukata vitunguu. Nyuma yake maziwa yalipanda, yakafurika, yakauzima moto. Moto ulizimika, lakini gesi haikuzimika. Iliendelea kutoka, ikashuka sakafuni, alipokaa mtoto.

"Babu, kunanuka vibaya," alisema mtoto.

"Ni vitunguu, mama," alijibu Mzee. Akaendelea kukata.

Baadaye aligeuka, akaona maziwa yamemwagika na moto umezimika. Alipenda kuwasha kwa kiberiti, mazoea ya kazini. Akachukua kiberiti, akatoa njiti.

"Usiwashe!"

Mkewe alikuwa mlangoni. Aliruka kama msichana, akampiga mkono, njiti zikatawanyika. Alifunga mtungi, akamnyakua mtoto, akamvuta mumewe kwa aproni. Mzee alinyoosha mkono ili awashe feni. "Usiguse swichi!" Mkewe alimsukuma nje, akaacha mlango na madirisha wazi.

Walisimama uani wakihema. Mtoto alikuwa akilia kwa sababu penseli zake zimebaki ndani.

"Hukusikia harufu?" mkewe aliuliza. "Mimi nimeisikia nikiwa bado barazani."

Mzee alitazama ndala zake. "Sisikii chochote, mke wangu. Ni miezi minane sasa."

Mkewe alikaa kwenye ngazi. "Nilijua," alisema. "Tangu ile siku ya tangawizi. Nilikuwa nangoja uniambie. Sasa ona, wewe umenyamaza, na mimi nimenyamaza, na mtoto alikuwa sakafuni."

Binti yao aliporudi, hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alimpakata mwanawe, akasema kwa sauti ya chini, "Baba, hutapika tena. Nisamehe. Hutapika tena."

Kila Mzee alipofumba macho aliona njiti ya kiberiti.

Kuanzia kesho yake, binti alipika alfajiri, akaacha chakula kwenye hotpoti. Kisha alichomoa regyuleta, kile kifungulio cha gesi, kwenye mtungi, akaitia katika mkoba wake, akaenda nayo kazini. Makarani wenzake walibeba poda na vitana, yeye alibeba regyuleta. Kwingineko jambo hilo lingechekesha.

Alimpeleka baba yake kwa daktari pia. Daktari hakuwaficha. "Uwezo wa kunusa unaweza kurudi," alisema. "Unaweza pia usirudi."

Mzee Pua akafa moyo. Aproni ilibaki kwenye msumari. Aliketi kwenye kiti karibu na jiko lililozimwa, kama kuku aliyenyeshewa. Chakula hakikuwa na ladha, kwa maana ladha nyingi hupita puani. Alikula kwa kuwa ni saa ya kula. Wapishi wa zamani walipokuja kumsalimu, alisema amelala, na yeye mwenyewe ndiye aliyesema, kwa sauti, nyuma ya mlango. Mjukuu aliambiwa asikae jikoni na babu peke yao. Hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote, kwa sababu aliona ni haki.

Wiki ya tatu mkewe alimwita fundi wa gesi aje kuling'oa jiko. Fundi alikuwa dada mmoja jirani, nyumba ya pili kutoka kwao, mwenye begi zito la vifaa na maneno machache.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Ling'oe tu. Sitaki kuliona."

Fundi aliinama, akainua vifuniko vya plate moja baada ya nyingine. Akaguna. "Mzee, hili hukulichagulia nyumba. Ulilichagulia kazi yako ya zamani."

"Jiko halina kosa. Kosa ni langu. Sina pua."

"Sikiliza kwanza. Gesi yenyewe haina harufu. Harufu ile mbaya huongezwa makusudi ili watu washtuke. Lakini aliyelala hashtuki. Mwenye mafua hashtuki. Nyumba haiwezi kulindwa na pua tu, hata iwe pua yako ya zamani." Alionyesha kando ya plate. "Hapa palitakiwa kuwa na kipini kidogo cha chuma. Moto ukiwaka, kipini kinapata joto na kuacha gesi ipite. Moto ukizimika, kipini kinapoa na gesi inajifunga yenyewe. Hapa hakuna kitu."

"Majiko yenye kipini," Mzee aliuliza polepole, "ndiyo yale ya kukandamiza kitufe na kuhesabu?"

"Ndiyo. Unahesabu ili kipini kipate joto."

Mzee alifunika uso kwa viganja. Lile jiko alilolicheka dukani! Sekunde tano tu, na yeye aliziona nyingi. "Nililiita la wanaojifunza," alisema.

Jioni fundi alirudia maelezo yale mbele ya binti. Binti alisikiliza, mkoba ukiwa mapajani. "Mashine inaweza kuharibika," alisema.

"Inaweza," alijibu fundi. "Ndiyo maana hatutegemei kitu kimoja. Twendeni dukani wote. Usiponiamini mimi, utaamini macho yako."

Jumamosi walikwenda. Muuzaji aliwapokea kwa maneno matamu. Alisifu vioo, rangi ya dhahabu na plate sita. Fundi alimwacha amalize.

"Hili ni la gesi ya mtungi au ya bomba?" aliuliza.

"Yote ni gesi, dada."

"Si sawa. Matundu ya kutolea gesi hutofautiana. Ukiweka gesi ya mtungi kwenye matundu ya gesi ya bomba, moto unakuwa mkubwa, wa njano, wenye masizi, na hewa yake ni sumu. Soma kibandiko."

Muuzaji alisoma. Lilikuwa la bomba. Wakasogea.

Jiko lililofuata lilikuwa la mtungi, lenye kipini. Lakini binti alichungulia plate zote, akaona kipini kimoja tu, kwenye plate kubwa. "Na hizi nyingine?" aliuliza. Muuzaji alikohoa. Wakasogea tena.

La mwisho lilikuwa na plate nne. Vyuma vya kukalisha sufuria vilikuwa vizito, havikuyumba. Kila plate ilikuwa na kipini chake. Halikung'aa sana. Fundi aliomba liunganishwe kwenye mtungi wa majaribio, uani mwa duka. Mzee alikandamiza kitufe, akahesabu hadi tano, akaachia. Moto ulisimama, wa bluu.

"Sasa zima moto kwa kuupuliza," alisema fundi, "kisha tega sikio."

Mzee alipuliza. Moto ukafa. Binti alihesabu kwa sauti, uso umekaza. Alipofika ishirini na tatu, ndani ya jiko kitu kililia: tak. Gesi ilikuwa imejifunga.

"Umesikia, baba?"

"Nimesikia," alisema Mzee. Ilikuwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi kukubali kwamba kuna kitu bado anakisikia.

Walirudia kwa plate zote nne. Zote zililia kabla hawajafika sitini. Lile jiko la zamani fundi alilifungua, akatenganisha vipuri vyake ili lisiende kudhuru nyumba nyingine.

Nyumbani, fundi aliweka mpira mpya na regyuleta inayolingana na jiko. Mtungi aliusogeza mbali na moto, ukiwa umesimama wima. Karibu na sakafu alifunga king'ora cha gesi, kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito na hushuka chini. Kisha alimpa Mzee bakuli la povu la sabuni na brashi.

"Paka kwenye maungio yote. Gesi ikivuja, povu litatoa mapovu makubwa. Hapo huhitaji pua, unahitaji macho. Fanya hivyo kila ukibadilisha mtungi. Na siku ukisikia king'ora, usiwashe moto, usiguse swichi. Funga mtungi, fungua madirisha, toka nje, uniite."

Mzee alipaka. Povu lilitulia.

Hata hivyo hakupika siku ile, wala siku iliyofuata. Aliliogopa jiko. Aproni ilibaki msumarini. Siku ya tatu, binti alipokuwa akitoka kwenda kazini, alisimama mlangoni akifungua mkoba. Alizoea kuingiza regyuleta humo. Aliutazama mkoba, akaufunga.

"Baba," alisema, "mchana mtoto angependa maziwa ya moto." Akaondoka haraka asije akabadili nia.

Mzee alifunga aproni. Mjukuu alikaa kwenye kiti, mbali kidogo, na mkewe alikuwa chumba cha pili kwenye cherehani. Redio ilizimwa. Mzee alikandamiza kitufe.

"Moja, mbili, tatu, nne, tano!" mtoto alihesabu kwa kelele.

Maziwa yalichemka bila kumwagika, kwani Mzee hakuondoa macho. Kisha aliweka sufuria nyingine, mafuta na vitunguu. Vitunguu vililia kwenye mafuta. Aliinama, akavuta pumzi, kama zamani. Hakusikia kitu. Pengine hatasikia tena maisha yake yote. Machozi yalimlengalenga, akawa karibu kutikisa kichwa na kusema uongo ule wa miezi minane.

Alimtazama mjukuu. Akapunguza moto.

"Mke wangu," aliita.

Cherehani ikanyamaza. "Abee?"

"Vitunguu hivi vimefika wapi, sijui. Njoo uninusie."